Pakiti Isiyo na Mwenyewe: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Vyakula Vilivyosindikwa

Ukishika chupa ya siagi ya karanga dukani, jicho hukimbilia bei, halafu tarehe ya mwisho ya matumizi. Vyote viwili vina maana, ila vinaweza kuandikwa na yeyote mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa stika. Kinachoweza kuthibitishwa kabla hujatoa pesa, na ambacho wengi hukiruka, ni jina la aliyeitengeneza, mahali alipo na namba ya kibali chake. Mwongozo huu unahusu Kenya, ambako sheria za kumlinda mnunuzi zimeandikwa kwa undani na matukio ya miaka ya karibuni yameonyesha zinavyofanya kazi na zinapokwama. Msomaji wa Tanzania nitamtajia njia yake palipo na tofauti. Hoja yenyewe ni hii: chakula kilichosindikwa bila leseni hukudhuru mara mbili. Mara ya kwanza ni tumboni, na hiyo huenda isitokee kamwe. Mara ya pili ni pale kinapokunyima mtu wa kumdai, na hiyo hutokea kila unaponunua, hata kama chakula chenyewe kilikuwa salama.

Anza na Katiba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, habari anazohitaji ili anufaike nazo, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia akipata hasara au madhara kutokana na kasoro. Chini ya Katiba kuna sheria nne zinazofaa kujulikana kwa majina, kwa sababu afisa akiona unazijua, malalamiko yako huyasikiliza kwa sikio jingine. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inaharamisha kuuza chakula chenye sumu au kilichochakachuliwa, kukitayarisha katika mazingira machafu na kukibandika lebo ya kudanganya. Sheria ya Viwango, Sura ya 496, ndiyo msingi wa KEBS, shirika la serikali linalosimamia ubora wa bidhaa, na wa ile alama inayochapwa kwenye pakiti. Sheria ya Ushindani ya 2010 inamwajibisha aliyetengeneza au kusambaza bidhaa yenye kasoro. Ya nne, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, inataja mienendo ya biashara isiyo ya haki, na mojawapo ni kudai kwamba bidhaa ina idhini, viambato au manufaa ambayo haina. Ukiuziwa kwa madai ya namna hiyo unaweza kuyavunja mauziano kwa kutoa notisi ndani ya mwaka mmoja, na kudai fidia juu yake. Haki hizi haziondolewi na makubaliano yoyote, kwa hiyo kile kibao cha dukani kinachosema bidhaa ikishauzwa hairudishwi hakina nguvu mbele ya unga wenye ukungu.

Ukizisoma sheria hizi kwa utulivu utaona zote zinamngoja mtu mmoja, naye ni mshtakiwa. Hakuna hata moja inayolipa fidia kutoka hewani. Kesi ambayo mawakili wa Kenya na Tanzania hufundishwa mapema kabisa kuhusu jambo hili ilitoka Scotland. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley, mwanamke aitwaye May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi kilichokuwa ndani ya chupa ya kioo kisichopitisha mwanga. Alidai kwamba kinywaji kilipomiminwa kwa mara ya pili, mabaki ya konokono aliyeoza yalitoka, naye akaugua. Hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa, kwa sababu aliyelipa ni rafiki. Mwaka 1932 majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua, tena kwa kura tatu dhidi ya mbili, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho hata kama hawajawahi kuonana. Watu hukumbuka konokono. Jambo ambalo mnunuzi wa leo anapaswa kulikumbuka zaidi ni kwamba, kwa mujibu wa madai yale, chupa ilikuwa na jina la mtengenezaji, David Stevenson. Bila jina lile, wakili wa Donoghue angekuwa na mgonjwa, konokono na hoja nzuri ya kisheria, na asiwe na pa kuipeleka.

Wapo watakaosema kwamba mtu mzima anajua chakula kibaya kwa kukiangalia, kukinusa na kukionja, na kwamba babu zetu hawakuhitaji alama ya mtu. Kwa maziwa yaliyochacha hoja hiyo inatosha. Kwa nafaka na karanga haitoshi, kwa sababu ya sumukuvu, ambayo wengi Kenya huiita aflatoksini. Sumu hii hutolewa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri au zilizohifadhiwa mahali penye unyevu. Haina harufu, haina ladha, na moto wa kawaida wa jikoni hauiondoi. Ugali ulioiva vizuri hubaki nayo. Huharibu ini, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huchangia saratani ya ini. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Mahindi mengi yaliyowaua yalikuwa ya shamba lao wenyewe, na hilo lisifichwe: leseni haifiki kwenye ghala la nyumbani, na huko dawa ni kukausha mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5, kiwango kinachotakiwa na viwango vya Afrika Mashariki, kisha kuhifadhi mahali pakavu. Lakini watafiti waliopima sampuli 350 za mahindi na mazao yake kutoka masoko 65 ya eneo hilo walikuta asilimia 55 zimevuka kiwango cha Kenya cha wakati ule, yaani sehemu 20 kwa bilioni. Asilimia 7 zilivuka sehemu 1,000. Walionunua sokoni walitumia macho na pua zao kama kawaida. Miaka 12 baadaye, 2016, sumu hiyohiyo iliua watu katika vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania. Kiwango kinachokubalika sasa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, na hakuna ulimi unaoweza kupima hicho.

Pingamizi zito zaidi linakuja kutoka upande mwingine kabisa. Tarehe 9 Novemba 2019, KEBS ilisimamisha vibali vya chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na baadhi zilikuwa chapa ambazo kila mwenye duka Nairobi anazijua. Siku chache baadaye zikafuata chapa kadhaa za siagi ya karanga, na mwanzoni mwa 2020 chapa nyingine 17 za unga. Zote zilikuwa na alama. Basi alama ina faida gani? Wanaouliza hivyo wana haki ya kukasirika, na aliyewaambia kwamba alama ya KEBS ni hakikisho la kila pakiti aliwadanganya. Kibali hutolewa baada ya kiwanda kukaguliwa na sampuli kupimwa, kisha bidhaa huendelea kupimwa mara kwa mara. Kati ya kipimo na kipimo zinapita tani nyingi ambazo hakuna aliyezigusa, na gunia moja la mahindi mabichi linaweza kuingia kinuni wakati huo. Alama inapunguza uwezekano wa hatari na kuishia hapo.

Sasa tazama kilichotokea baada ya tangazo lile. Majina ya chapa yalisomwa kwenye taarifa ya habari usiku uleule, viwanda vikaamriwa kuziondoa bidhaa sokoni, maduka makubwa yakaondoa pakiti kwenye rafu, na mama aliyekuwa na pakiti nusu jikoni aliweza kuitambua. Hatua zote hizo ziliwezekana kwa sababu kulikuwa na jina, kibali cha kusimamisha na kiwanda cha kufungia geti. Unga usio na jina uliosagwa wiki ileile kutoka kwa mahindi yaleyale haukutangazwa popote, na haukuwa salama zaidi. Ulikosa tu jina la kutangazwa. Ndiyo maana orodha ya bidhaa zilizokamatwa hujaa chapa zinazojulikana, na mtu asiyefikiri hadi mwisho huhitimisha kwamba unga usio na chapa ni afadhali. Hakuna aliyeupima.

Kwa hiyo soma pakiti ukiwa unamtafuta mtu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinataka jina la chakula, viambato kwa mpangilio wa kilicho kingi kwanza, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi kilikotoka, namba ya bechi, tarehe na maelekezo ya kuhifadhi. Anwani inayosema "Nairobi, Kenya" na basi ni nusu anwani. Tafuta barabara, eneo la viwanda, sanduku la posta au namba ya simu ambayo ukiipiga inapokelewa. Bechi ndiyo inayofungamanisha pakiti yako na siku moja ya kazi kiwandani, na ikikosekana, hata kampuni yenye nia njema haiwezi kujua ni mzigo gani wa kuurudisha. Kisha tazama alama ya KEBS na namba ya kibali iliyo karibu nayo. Kuighushi alama ni rahisi kama kuchora, lakini namba ina majibu: andika SM, alama ya reli (#) na namba ya kibali, utume ujumbe kwenda 20023, na utajibiwa kibali ni cha kampuni gani, cha bidhaa gani na kama bado ni halali. Soma jibu lote. Ujanja wa kawaida si kubuni namba, ni kuazima namba halali ya bidhaa nyingine, kwa mfano kibali cha maji ya chupa kikabandikwa kwenye asali. Bidhaa kutoka nje huwa na stika ya KEBS ya bidhaa zilizoagizwa, na zile zinazotoka nchi wanachama wa Jumuiya zikiwa na alama ya shirika la viwango la huko, TBS ya Tanzania au UNBS ya Uganda, zinatambuliwa Kenya pia, kwa hiyo usiikatae pakiti ya Arusha kwa kuwa haina alama uliyoizoea.

Kibali cha KEBS ni cha bidhaa. Jengo linahitaji leseni yake, na hiyo hutolewa na kaunti, kwa kuwa Katiba imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni kwa biashara zinazouzia umma chakula na kuzisimamia. Wafanyakazi wanaoshika chakula nao wanapaswa kuwa wamepimwa afya na kupewa cheti. Maziwa yana Bodi ya Maziwa ya Kenya juu ya hayo yote. Mpangilio huu, kwa maoni yangu, umetawanyika kupita kiasi. Mtengenezaji mmoja wa maziwa mtindi anaweza kubeba leseni za ofisi tatu au nne zisizosemezana, na mnunuzi mwenye lalamiko akarushwa kutoka dirisha moja hadi jingine. Ukirushwa, kumbuka mgawanyo huu: uchafu wa mahali ni wa afisa wa afya ya umma wa kaunti, ubora wa bidhaa na alama bandia ni wa KEBS, na udanganyifu wa kibiashara ni wa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Ugumu halisi haupo kwenye maduka makubwa. Upo kwenye vyakula vya kupima na vya kadogo, yaani mafuta ya kupikia yanayouzwa kwa shilingi ishirini, unga unaochotwa kwenye gunia, sukari iliyofungwa kwenye kikaratasi cha robo, maziwa kwenye mashine ya mtaani. Kumwambia mwenye kipato cha siku aache kununua hivyo ni kumwambia ale baada ya mshahara usiokuja. Lakini elewa kinachotokea kisheria muuza duka anapofungua gunia na kugawa. Jina, bechi na tarehe vimebaki kwenye gunia. Mfuko ulio mkononi mwako hauna kitu. Kuanzia hapo mtu pekee unayeweza kumtaja ni yeye. Basi nunua kadogo kwa mtu mwenye mahali pa kudumu na leseni ya kaunti ukutani, umwombe akuonyeshe gunia au mtungi ulikotoka mgao wako, na ukiweza, upige picha upande wenye maandishi. Muuzaji mwenye gunia halali hana sababu ya kukasirika. Kama unga umehamishiwa kwenye ndoo na gunia limetupwa, ni vizuri kujua hilo kabla ya kununua. Na ulipe kwa namba ya till badala ya pesa taslimu, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa hubaki na jina la biashara, kiasi, tarehe na saa, na kwa duka lisilotoa risiti huo ndio ushahidi wako wa kwanza. Hautaji ulinunua nini, kwa hiyo uandike mwenyewe kwenye daftari au kwenye simu siku hiyohiyo.

Hapa huja lawama kwamba sheria hizi zimetungwa kuwalinda wenye viwanda vikubwa na kumwangamiza mama anayekaanga karanga nyumbani, anazisaga na kuwauzia majirani. Lawama hii ina ukweli ndani yake. Ada, vipimo vya maabara na safari za ofisini humlemea mwenye mtaji mdogo kuliko mwenye kiwanda, na kampuni kubwa hazijawahi kulia sana zikisikia mshindani mdogo amefungiwa. Hata hivyo tutenganishe mambo. Mandazi yanayoliwa asubuhi hiyohiyo, samaki wa kukaanga, chapati na maharagwe ni chakula kinachoonekana kikipikwa na mpishi anayeonekana. Usafi wa mahali na afya ya mpishi ndio muhimu, na kaunti inatosha. Chakula kilichofungwa ili kikae rafuni miezi sita ni jambo tofauti. Kinasafiri mbali na aliyekitengeneza, kinaliwa na mtu asiyemjua, na kosa la siku moja linafika nyumba nyingi kabla halijagunduliwa. Yule mama akibaki kuwauzia majirani wanaojua mlango wake, mtu wa kumdai yupo. Akianza kuweka chupa kwenye maduka ya mji mwingine bila jina, hayupo tena.

Tena anayeumizwa kwanza na bidhaa zisizo na kibali ni mjasiriamali mdogo aliyehangaika kukipata. Anachambua karanga, anatupa zilizooza na kulipia kipimo, halafu anawekwa rafu moja na mtu aliyenunua zile zilizotupwa. Mnunuzi anayeuliza namba ya kibali anampa huyu wa kwanza sababu ya kuendelea. Ukiwa wewe ndiye mtengenezaji, anza na afisa wa afya ya umma kuhusu jengo, kisha KEBS kuhusu bidhaa, na usichape lebo elfu moja kabla ya kujua kiwango kinataka nini. Tanzania ina mlango mzuri ambao wengine wangeuiga: mjasiriamali mdogo akiwa na barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, TBS imekuwa ikimhudumia bila malipo au kwa punguzo katika miaka ya mwanzo. Tangu Julai 2019 TBS ndiyo inayoshughulikia pia usalama wa chakula uliokuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo, kwa hiyo mtu akikuonyesha pakiti mpya yenye usajili wa TFDA kama fahari, umwulize aliupata lini.

Mauzo ya mitandaoni yanahitaji maneno machache tu, kwa kuwa kanuni ni ileile. Unga wa lishe wa mtoto, chai ya kupunguza tumbo, asali inayodaiwa kutibu kisukari, vyote huuzwa kupitia akaunti yenye picha nzuri na namba ya simu inayoweza kuzimwa kesho. Kabla ya kutuma pesa, omba picha ya lebo upande wa nyuma. Ukijibiwa kwa ushuhuda wa wateja walioridhika badala ya lebo, umejibiwa. Na chakula kinachodai kutibu ugonjwa kimeingia kwenye madai ya manufaa ambayo Sheria ya 2012 inayataja. Hifadhi tangazo lenyewe kwa picha ya skrini kabla halijafutwa.

Tuseme sasa jambo limetokea: kijiko cha kwanza kina ladha ya ukungu, umekuta kipande cha chuma kwenye biskuti, au mtoto ametapika baada ya uji. Mgonjwa kwanza, na hospitalini utaje chakula ulichokishuku, chapa na saa alipokila, ili viandikwe kwenye faili; maandishi ya daktari ya siku ile yana uzito kuliko maelezo yako ya miezi mitatu baadaye. Chakula kilichobaki usikitupe wala usikihamishie chombo kingine. Kifunge ndani ya pakiti yake, ukiweke kwenye friji au mahali pa baridi, upige picha lebo, bechi na kasoro yenyewe. Kama kuna pakiti nyingine ya bechi hiyohiyo haijafunguliwa, hiyo ni dhahabu, kwa kuwa hakuna atakayesema wewe ndiye uliyeichafua. Mpigie afisa wa afya ya umma achukue sampuli mwenyewe. Sampuli iliyochukuliwa na afisa na kupelekwa maabara ya serikali ni vigumu kupingwa kuliko ile uliyoibeba kwenye mkoba. Piga pia 1545, namba ya bure ya KEBS, uandike jina la aliyekupokea na namba ya lalamiko.

Na kama pakiti haina mwenyewe? Hapo ndipo Sheria ya Ushindani ya 2010 imeweka kifungu ambacho wanunuzi wachache wanakijua. Asiyemjua mtengenezaji anaweza kumwandikia aliyemuuzia, akimtaka amtaje mtengenezaji au aliyemletea bidhaa ile. Zikipita siku 30 bila jibu la kumfikisha kwa mtengenezaji, muuzaji aliyekaa kimya anahesabiwa kuwa ndiye mtengenezaji, na lawama inamwangukia yeye. Andika barua hiyo kwa tarehe, baki na nakala, uipeleke mwenyewe na umwombe asaini, au uitume kwa njia inayoacha alama. Mara nyingi barua yenyewe humfungua mdomo mwenye duka, ambaye hadi jana hakukumbuka alikonunua. Lakini angalia jinsi kifungu hiki kinavyoishia: kinamtafuta mwenye duka. Kama uliuziwa na mtu mwenye kikapu kwenye foleni ya magari, hata kifungu kizuri kiasi hiki hakina wa kumkamata.

Kudai pesa, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya uuzaji wa bidhaa na ya majeraha ya mwili, unaweza kujisemea bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Foleni za mahakama zina sheria zake nyingine, ila kwa kulinganisha na mahakama za kawaida ni njia fupi. Peleka risiti au ujumbe wa M-Pesa, pakiti, picha, barua, karatasi za hospitali na gharama zake, na ripoti ya maabara kama ipo. Sehemu itakayokutoa jasho ni kuthibitisha kwamba chakula kile, na si kingine ulichokula siku hiyo, ndicho kilichokudhuru. Ukiwa na kipande cha chuma ni rahisi. Ukiwa na sumukuvu iliyoliwa polepole kwa miaka, mtu mmoja peke yake karibu hawezi, na hapo nguvu ya sheria haipo kwenye fidia bali kwenye lalamiko linalopeleka mkaguzi kiwandani mapema.

Ndiyo maana swali la nani atashtaki kwa pakiti ya shilingi mia mbili linakosea shabaha. Kulalamika hakulipiwi, na lalamiko la kumi kuhusu bechi moja humfanya afisa asimame hata kama tisa ya kwanza yalikaa kwenye faili. Sheria ya 2012 inamruhusu pia mnunuzi kufungua shauri kwa niaba ya kundi la walioumizwa na bidhaa moja. Lakini kundi hilo linaweza kukusanyika tu kama wote walishika pakiti yenye jina moja.

Jambo la mwisho ni la kampuni zenye jina, ambazo zikipata simu yako hujibu haraka. Atakuja kijana mpole wa mauzo na katoni ya bure, ataomba radhi na kuomba achukue ile pakiti "ikafanyiwe uchunguzi". Radhi ipokee. Sampuli mpe sehemu tu, mbele ya shahidi, kwa karatasi inayotaja bechi, kiasi alichochukua na tarehe, na ile nyingine ibaki kwenye friji yako mpaka uone majibu ya maabara. Akikuletea hati ya kusaini kwamba umeridhika na hutadai chochote, mwambie utaisoma kwanza, na usiisaini siku hiyo.